Ubao Wenye Adabu

Moshi, 14 Juni 1997

Dada Melania,

Shikamoo. Natumaini soko la Tarakea halijakuchosha. Huku mvua zimepungua na kahawa inaanza kuiva.

Unakumbuka ile dari ya jikoni kwa mama, niliyoitengeneza kwa ubao wa maranda na gundi unaotoka karakanani kwetu? Mpimaji wa uimara wa ubao huo ni mimi. Kabla sijampelekea, tulisimama juu yake watu watatu kwa dakika tano, haukupinda hata kidogo. Nikamwambia mama apandishe mahindi yake darini bila wasiwasi.

Sikukuu ya Pasaka mama alinitania: "Ubao wako una adabu, Prosper. Kila siku unaniinamia zaidi, unaniamkia shikamoo."

Nilicheka, Dada. Mimi, mpimaji, nilicheka! Sisi tunaupima mkavu, dakika tano. Mama alikuwa anaupima kwa mvuke wa ndizi anazopika chini yake, miezi minne.

Jumanne nilikwenda kumsalimia. Nikakuta ubao umekatika, sufuria bado inachemka, na chini ya mahindi unaonekana mguu wake mmoja tu. Yuko hospitali, nyonga imevunjika. Daktari anasema kichwa hakijaumia.

Lakini nilipomwondolea mahindi usoni alinitazama, akasema, "Marahaba," na mimi sikuwa nimemwamkia. Tangu hapo hajasema neno jingine.

Njoo, Dada. Njoo umwamkie wewe. Mimi kila nikifika kitandani kwake, shikamoo hainitoki.

Mdogo wako,
Prosper