Niliuliza Mkono Upi

Visiga, Jumapili, Aprili 1975

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haina dalili ya kukata. Nimerudi kutoka Kisarawe saa kumi na moja jioni, suruali imejaa tope hadi magotini na mgongo hauinuki. Nimechoka. Si uchovu wa safari peke yake.

Nimekwenda kumwona Sefu. Nilipaswa kwenda wiki mbili zilizopita.

Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Sefu ndiye mpiga solo wa bendi yetu, tena ni mwenzangu wa chumba hapa Visiga. Mchana yeye yuko kwenye shamba la mkonge, na mimi ni seremala, natengeneza madawati ya shule. Jumamosi tunapiga dansi kwenye ukumbi wa kijiji, yeye mbele, mimi nyuma yake na gitaa la rithimu. Miaka miwili nimetazama kisogo chake.

Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuweka vidole siku ya kwanza. Baada ya miezi sita hakuwa na la kujifunza kwangu.

Kilichotufanya marafiki ni muziki wa roki. Baharia mmoja alitupatia santuri mbili zilizokwaruzika, karatasi ya katikati imebanduka, kwa hiyo mpaka leo hatujui wapigaji ni akina nani wala wanatoka nchi gani. Tulizisikiliza kwenye gramafoni ya betri ya Ally, kiongozi wa bendi, na wapigaji tukawapa majina wenyewe. Yupo Bwana Radi, anayeanza wimbo kwa mlio wa bati linalopasuka. Yupo Mwenye Kwikwi, anayeikata sauti katikati kisha anairudia, kama mtu aliyepaliwa na ugali. Na yupo yule wa upande wa pili wa santuri ya pili, tuliyemwita Mfiwa, kwa sababu gitaa lake linalia mpaka unataka kumpa pole. Kipenzi changu ni Mfiwa. Sefu ni mtu wa Radi. Tumebishana juu ya hao wawili mpaka mihogo ikaungua jikoni, tena si mara moja.

Sefu aliutaka sana ule mngurumo wa Radi, na hatukujua unapatikanaje. Siku moja akachukua msumari wangu akatoboa spika ya bendi. Ally nusura ampige. Lakini jenereta lilipowashwa, Sefu akagusa uzi mmoja tu, spika ikanguruma na ukumbi mzima ukasimama. Hata Ally alicheka. Na mimi nilicheka, huku nikitamani uzi ule ningeugusa mimi.

Wivu. Sijawahi kuliandika neno hilo humu.

Jumanne ile ya ajali, karibu wiki mbili sasa, Ally alinikuta karakana, napiga randa.

"Hamisi, weka randa chini," akasema. "Sefu kashikwa na mashine, ile ya kukwangua mkonge. Imemkata vidole."

"Mkono upi?"

Ally alinitazama kidogo. "Wa kushoto."

Wa kushoto ndio unaobana nyuzi.

Sikuuliza kama yuko hai. Sikuuliza vidole vingapi, wala wamempeleka hospitali gani. Niliuliza mkono upi, na nilipojibiwa, kabla huzuni haijanifikia, kikapita kitu kingine, chepesi kabisa. Kilisema: sasa solo ni yako.

Hicho ndicho kilichonizuia kwenda. Nilimwambia Ally nina kazi nyingi. Halafu nikasingizia mvua. Yeye alikwenda hospitali mara tatu, na kila aliporudi nilimuuliza hali ya mgonjwa huku nikitazama mbao zangu. Jumamosi ya wiki hiyohiyo ya ajali nikasimama mbele kwa mara ya kwanza. Nilipiga vizuri. Watu walicheza. Niliporudi chumbani, kitanda cha Sefu kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokiacha asubuhi ya Jumanne, na sikuweza kukitazama.

Alhamisi tukasikia ametoka hospitali, yuko kwao.

Basi leo nimepanda basi hadi mjini, na kutoka huko nikapata lori la mkaa linalorudi tupu Kisarawe. Halikuwa na turubai. Nilikumbatia kilo ya sukari niliyoipangia foleni asubuhi nzima jana, nikaikinga kwa kifua mpaka tulipofika.

Bi Zuhura, mama yake Sefu, nilimkuta barazani anachambua kisamvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo leo umeiona njia?"

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma.

Sefu alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Amekonda. Mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili vimekwenda, cha shahada na cha kati. Nilimpa pole, akaitikia kwa kichwa. Nikaleta habari za Visiga, za madawati, za jenereta lililogoma. Hakujibu hata moja.

Bi Zuhura akaingia na gitaa kavu la Sefu, lile la nyumbani lisilotaka umeme, kalifunga kwenye kanga.

"Hamisi, lichukue hili uende nalo. Kila nikiliona moyo unanikatika."

Nikalipokea. Nakiri kwamba mikono yangu ililipokea kabla sijafikiri. Sefu akageuzia uso ukutani.

Mama alipotoka, nililaza gitaa mkekani. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nikayaacha yote.

"Sefu, Ally aliponiletea habari, niliuliza mkono upi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Hata mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Walipoizima ile mashine, nilitazama kwanza ni upi."

"Niliposikia ni wa kushoto, nilifurahi."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini nilifurahi."

Hapo akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Hospitalini nilikuwa nasikiliza mlango, Hamisi. Kila viatu vikipita nasema, huyo ni yeye. Kumbe wewe ulikuwa unapiga solo yangu."

"Ndiyo."

"Toka."

Nikainuka.

"Na gitaa liache hapo, mimi sijafa!" Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponipigia kelele tena. "Na usithubutu kupiga ya Radi! Huiwezi! Piga ya Mfiwa, hiyo ndiyo saizi yako!"

Nikatoka nje kwenye mvua nikitazama chini. Bi Zuhura alikuwa amesikia kila kitu. Alijitanda kanga kichwani akanisindikiza hadi barabarani. Nilingojea anilaani. Ningemwona ana haki.

Tulipofika barabarani akasimama.

"Tangu atoke hospitali hasemi ila 'maji' na 'sitaki'," akasema. "Siku tatu nakaa na mtu kama gogo. Leo amepiga kelele."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Jumapili uje tena, akugombeze vizuri."

Nimeyawaza maneno hayo njia nzima ya kurudi. Sijasamehewa, na naliandika hilo waziwazi nisije nikajidanganya baadaye. Nilidhani nikisema kweli nitapumua. Sijapumua. Nimejua tu kwamba kwa siku zile zote kuna mtu alikuwa anasikiliza mlango, na mimi nilikuwa na miguu miwili mizima.

Bendi haina mpiga solo mwingine. Jumamosi nitasimama mbele, kwa sababu nimeambiwa nipige, na aliyeniambia ndiye mwenye nafasi ile. Sitaona fahari.

Jumapili nitaamka alfajiri, nitatafuta lori, mvua iwepo isiwepo. Sijui kama ataniambia nikae. Nitakwenda nikagombezwe.