Picha Isiyokuwa na Jina

Mbulu,
18 Agosti 1957

Mpendwa Dada Scolastica,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima pamoja na shemeji, watoto na mifugo yote ya hapo Getanuwas. Wanangu hawajambo, ila baridi ya huku juu mwezi huu inauma mpaka kwenye meno, na mdogo ana mafua yasiyotaka kwisha. Kibuyu cha maziwa ulichompa dereva wa lori la Bashiri kilifika salama, na maziwa yalikuwa yameganda vizuri. Nimeyanywa nikakukumbuka wewe na mkaa wa mti ule unaosugulia vibuyu, ambao mpaka leo umekataa kunionyesha, kana kwamba nitakuibia mume.

Najua kilichokufanya uniulize habari mara mbili mfululizo. Umesikia kwamba Baba Mkwe amepelekwa Nairobi, na kila aliyekupitia amekuambia lake. Kaa chini dada, uisome barua hii ukiwa peke yako. Ukiwa na mgeni, mpe kwanza chai aende zake.

Unakumbuka Februari nilimleta Baba Mkwe hospitalini kwetu. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umemuuma tangu mavuno, na palikuwa na uvimbe mdogo ambao yeye aliuita jipu lililoshindwa kutoka. Alikuja kwa lori la Bashiri kutoka Katesh, na katika lori hilohilo alikuwamo jirani yake wa Hirbadaw, Mzee Lukasi, yule aliyebatizwa uzeeni na anayeimba kanisani kwa sauti ya kufukuza fisi. Yeye alikuwa amepigwa teke na punda, mguu wa kushoto vilevile.

Wote wawili walipigwa picha kwa mashine ya eksirei, ile inayoonyesha mfupa ukiwa ndani ya nyama yake. Siku hiyo filamu zilikuwa zimebaki chache, kwa hiyo kila mmoja alipigwa moja tu, Baba Mkwe kwa ubavuni na Mzee Lukasi kwa mbele. Kazi yangu pale unaijua. Daktari wetu Kiswahili chake ni cha kuokoteza na lugha yetu hana hata neno, basi mimi ndiye mdomo wake kwa wagonjwa wa kwetu, na ndiye ninayeandika jina la kila mmoja kwenye daftari na kwenye kikaratasi kinachobanwa pamoja na picha yake. Alfredi, kijana mpole wa hapa Mbulu, huziosha picha katika chumba cha giza, huzianika, kisha huzitia kwenye bahasha zenye majina.

Kesho yake daktari alitoa picha mbili kwenye bahasha ya Mzee Lukasi. Moja ilikuwa safi. Nyingine ilikuwa na tundu ndani ya mfupa, limetafunwa kama hindi lililoingiwa na fukusi. Daktari alikaa nayo dirishani muda mrefu. Alisema huo ni uvimbe unaoanzia ndani ya uboho, na ni adimu sana. Tangu asome udaktari alikuwa ameuona mara moja tu. Alisema mashine imefanya nusu ya kazi kwa kuuonyesha, na nusu nyingine itafanywa na mashine kubwa zaidi iliyoko Nairobi, ambayo mionzi yake huuyeyusha uvimbe wa namna hii kama samli juani. Lakini akasisitiza, dada, na neno hili ulishike: mionzi huponya uvimbe ukiwahiwa ungali mahali pamoja. Ukichelewa, hutembea ndani ya mifupa, na hapo hakuna mwenye kuahidi kitu.

Nikamfasiria Mzee Lukasi maneno hayo yote. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Mwishowe alisema Nairobi haendi, kwamba mtu hafi mbali na ng'ombe wake, na akaomba apelekwe nyumbani. Baba Mkwe naye alirudi kwa lori hilohilo. Katika bahasha haikuonekana picha yake, na Alfredi alidhani filamu ilitoka nyeusi kama inavyotokea. Akapewa mafuta ya kuchua, akaambiwa arudi kwa lori lijalo, baada ya wiki mbili.

Lori lijalo halikuja. Mvua za masika unazikumbuka, daraja lilikwenda na maji, na barabara ya kupandia huku ikawa mto. Mwezi Machi ukapita, Aprili ukapita, Mei ukapita.

Kule Hirbadaw Mzee Lukasi alikuwa akijiandaa kufa. Aliita wanawe, akawagawia ng'ombe wote mbele ya mashahidi, akabaki na jike moja la kumpa maziwa. Akalala akisubiri. Akasubiri mpaka akachoka, na mguu nao ukapona. Ilipofika Juni alikuja huku kwa miguu yake mwenyewe kuuliza kwa nini hafi. Daktari alimpiga picha nyingine na mfupa ulikuwa mzima. Gervasi katekista akapiga kengele, watu wakaimba, na Mzee Lukasi akaimba kuwashinda wote. Nasikia wanawe mpaka leo wamekataa kurudisha hata ndama.

Siku tatu baada ya kengele ile, Baba Mkwe aliletwa amebebwa. Alikuwa ameinama kumsaidia ndama aliyenasa matopeni, na mguu ukavunjika kama kijiti, bila kuanguka, bila kugongwa. Walimfunga vijiti, wakambeba kwa ngozi siku mbili mpaka walipopata gari. Sikuwahi kumsikia akilia kwa maumivu, na hata siku hiyo hakulia, ila alikuwa amejiuma mdomo mpaka ukavimba. Alipopigwa picha, tundu lilikuwa limekula karibu upana wote wa mfupa. Daktari akaleta zile picha za Februari, akaziweka pamoja dirishani, na hapo akaelewa kwamba moja kati ya mbili zilizokuwa kwenye bahasha ya Mzee Lukasi haikuwa ya Mzee Lukasi.

Alfredi alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Hakujitetea. Alisema tu kwamba yeye alifuata kikaratasi. Hivyo ndivyo watu wanavyokuambia hapo Getanuwas, kwamba kijana wa chumba cha giza alichanganya picha. Mimi mwenyewe niliwaacha waseme hivyo kwa siku nne.

Dada, sasa nakuambia lililonifanya nikuombe usome peke yako.

Usiku wa kuamkia harusi yangu wewe ndiwe uliyenifunda. Uliniambia jina la baba mkwe halipiti kinywani mwa mkaza mwana mpaka anaingia kaburini, wala maneno yanayosikika kama jina hilo. Ulinifundisha maneno ya kuzungukia, na miaka kumi na moja sijajikwaa. Nimesoma kwa masista, nimebatizwa, naandika na kusoma kuliko wanaume wengi wa kwetu, lakini jina lile sikuwahi kulitamka wala kuliandika. Nilijivunia jambo hilo. Mama Mkwe alinisifu mbele ya wanawake, na sifa ya Mama Mkwe unajua ilivyo ngumu kupatikana.

Basi siku ile ya Februari mkono wangu ulifika kwenye jina lake ukakataa. Kwenye daftari na kwenye kikaratasi niliandika "Mzee wa Hirbadaw, mguu wa kushoto". Kwa Mzee Lukasi niliandika "Lukasi, mzee wa Hirbadaw, mguu wa kushoto". Alfredi angejuaje kwamba hao ni watu wawili? Aliona mzee mmoja aliyepigwa mbele na ubavuni, kama inavyofanyika siku zote, akazitia pamoja. Ningeweza kumwita mtu yeyote pale mlangoni aniandikie. Sikumwita, kwa sababu mwaka jana niliwahi kuandika kikaratasi kisicho na jina kwa ajili ya shangazi wa mume wangu, na daktari alinionya kwamba nikirudia atatafuta mdomo mwingine.

Kama ningekuwa nimekosea tu hapo, ningekuandikia barua fupi. Lakini kuna zaidi. Daktari alipoinua picha ile yenye tundu dirishani, mimi nilikuwa nimesimama begani kwake. Chini kidogo ya tundu niliona kitu cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Kila mtu wa nyumba yetu anakijua kitu hicho. Ni ncha ya mkuki iliyobaki mguuni mwa Baba Mkwe tangu ujana wake, na wajukuu hupigania kuigusa chini ya ngozi. Nilijua papo hapo mguu ule ni wa nani. Nilijua, dada, nikageuka nikamfasiria Mzee Lukasi kifo ambacho hakikuwa chake.

Nilijiambia kwamba wiki mbili si kitu, kwamba lori likija Baba Mkwe atapigwa picha nyingine, ukweli utajionyesha wenyewe na hakuna atakayeuliza kikaratasi kiliandikwa na nani. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi kusimama mbele ya wanaume nieleze kwa nini mwanamke msomi ameshindwa kuandika jina. Kisha mvua ikaanza. Kila usiku niliisikia juu ya bati nikajua inamla nani. Ningeweza kumtuma mtu kwa miguu. Watu walikuwa wakipita, wenye ng'ombe hawazuiwi na mto. Sikutuma.

Siku ya nne baada ya Alfredi kusimamishwa nilimwona anauza koti lake sokoni. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari nikamweleza yote. Aliuliza kama nimemaliza, kisha akamtuma mtu amrudishe Alfredi. Mimi hajanifukuza. Amesema atafikiri, na anavyofikiri polepole ni adhabu tosha.

Kisha nikaenda kwa Baba Mkwe. Mume wangu Tomaso alikuwa ameenda kutafuta vibali vya safari, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilikaa chini nikampa mgongo kama inavyopasa, nikamwambia nilichoandika, nilichokiona dirishani na nilichokinyamazia. Nikasikia anagonga kopo la ugoro. Hakuniambia amenisamehe, na nisingependa uwaambie watu kwamba alisema. Aliniuliza kitu kimoja tu. Alitaka kujua huko Nairobi, ambako hakuna amjuaye yeye wala baba yake, watamtambuaje. Nikasema kwa jina kwenye picha. Akasema basi niugeuze uso wangu, nilitamke alisikie, aone kama ninalijua sawasawa.

Nilililia kabla ya kulitamka. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Alinifanya nirudie mara ya pili, kisha akaitika, kama mtu anavyoitika akiitwa ng'ambo ya boma. Nikaenda kwenye meza ya Alfredi, nikachukua wino mweupe, nikaliandika kwenye picha zote mbili, ya Februari na ya Juni.

Barua ya Tomaso ilifika juzi. Siku ishirini Baba Mkwe amelazwa chini ya ile mashine kubwa, dakika chache kila asubuhi. Anasema haioni mionzi wala haisikii, ila ngozi ya mguu imekuwa nyeusi na chakula hakimpendezi. Uvimbe umeyeyuka na mfupa umeanza kushikana. Lakini wamepiga picha za mwili mzima wakakuta doa lingine kwenye ubavu na dogo mgongoni. Hayo hayakuwapo Februari, au kama yalikuwapo hakuna tena wa kujua. Madaktari wamesema anaweza kuona msimu huu na ujao, na baada ya hapo wamenyamaza. Anarudi mwisho wa mwezi. Tomaso bado hajui. Baba Mkwe alisema atamwambia mwenyewe wakiwa njiani, na mimi sijui mume wangu atashuka garini akiwa na uso gani.

Ombi langu ni hili. Nenda Hirbadaw kabla hawajafika. Mwambie Mama Mkwe yote, usipunguze kitu kwa sababu mimi ni mdogo wako. Akiita kikao cha wanawake, kaa nacho. Adhabu watakayonipa nitaipokea, nimeshatenga yule mtamba mwekundu wa kulipia faini. Mzee Lukasi nitamfuata mwenyewe nipige magoti. Na popote utakaposikia jina la Alfredi likitajwa kwa ubaya, lisafishe.

Wakikuuliza nilitamka nini, wewe si mkaza mwana wake, jina hilo hukatazwi. Wasomee kwa sauti kama lilivyo hapa, kwa mkono wangu, kama lilivyopaswa kuandikwa Februari:

Gidahosh wa Hirbadaw, mguu wa kushoto.

Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji naye mpe shikamoo yangu, na usinitumie kibuyu kingine mpaka nitakapojua kama bado nastahili kukinywa.

Mdogo wako,
Konsolata