Goti la Nyangeta

Bunda Mjini

Mama yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima, ila ni uzima wa kuhema tu, na utaona kwa nini. Wewe je, kifua kimekuachia? Mihogo imefikia wapi? Kaka Magesa ameanza tena kwenda ziwani, au bado anavua kwa nyavu za kuazima? Ningekuja kuona mwenyewe, lakini tangu mvua ikate barabara magari ya kuja huko Bukima ni ya kubahatisha. Barua hii nampa mama Sara, yule anayenunua dagaa huko.

Mama, habari ya mdogo wangu Nyangeta aliyokuletea mwinjilisti imeshapitwa na wakati. Kaa kwanza nikueleze.

Unajua jinari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, ilimwajiri kwa sababu ya netiboli. Kupima pamba alijifunzia humo humo. Walichokitaka ni kule kuruka kwake. Siku ile uwanjani hapa Bunda aliruka akadaka, akatua vibaya, mwili ukageuka goti likabaki. Tulimfikisha nyumbani goti limejaa kama kibuyu. Majirani kwa upendo wao wakachemsha maji, wakamkanda, wakamchua na samli hadi akawa anauma kanga. Asubuhi lilikuwa limezidi. Nesi wa zahanati akatugombeza: "Nani kawatuma maji ya moto? Ndani kumechanika, na ninyi mnazidi kuvuruga! Ni baridi, bandeji, mguu juu ya mto, na asiukanyage."

Baridi tutaitoa wapi? Jirani mmoja akaenda Guta, ufukweni, kwenye magari yanayobebaga sangara, akarudi na mabonge ya barafu kwenye gunia, yananuka samaki. Nyangeta akacheka, "Dada, bado tu kunipeleka kiwanda cha samaki wanitoe minofu." Ndivyo alivyo, hata kwenye maumivu.

Uvimbe ukashuka. Nesi akatuonya kwamba uvimbe kushuka siyo kupona, kano bado ni mbichi, asicheze mpaka amwone tena. Lakini mama, sisi tulikuwa tumefunga na kuomba. Jumapili Nyangeta akatembea bila fimbo hadi mbele ya kanisa, akashuhudia kwamba Bwana amemponya. Vigelegele! Mimi nililia kwa furaha. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia.

Kumbe neno lile lilimfunga. Timu ilikuwa inakwenda kucheza Butiama, na jinarini wameanza kupunguza watu, wanasema inauzwa. Walioingia kwa mpira ndio wanaotajwa kwanza. Mwalimu wa timu akaja hapa nyumbani: "Nyangeta, wewe si umepona? Mji mzima tumesikia." Nikamwambia nesi hajamruhusu. Nyangeta mwenyewe akanigeukia, "Nikikaa nje, si nitakuwa nimedanganya madhabahuni? Na kazi je, dada?" Akafunga kitambaa gotini, akaenda, nami nikaenda naye.

Hakusukumwa na mtu. Wale wa upande wa pili walikuwa wanamtania, "Mponywa, ruka tuone!" Alikimbia, akataka kusimama ghafla ageuke, nikasikia ta! kama ukuni mkavu ukivunjika, na mimi niko pembeni kabisa. Utani ukaisha palepale. Wao wenyewe ndio waliombeba.

Tukampeleka Musoma, daktari akamlaza chali, akalikunja goti, akauvuta mguu wa chini. Ukaja mbele kama droo. Akasema zile kano ni kama kamba zinazoshika mfupa wa paja na wa chini. Mara ya kwanza moja ilichanika kidogo, ingepumzishwa labda ingeshika. Sasa imekatika yote, na hapa hakuna wa kuishona. Afunge bandeji, atembelee magongo, kisha awe anauinua mguu na kimfuko cha mchanga kifundoni, ili nyama za paja zibebe kazi ya kano. "Utatembea," akamwambia. "Kuruka, sahau." Tulilala huko huko Musoma, mtaa wa Mukendo, kwa binti wa shangazi.

Jinari wamemwachisha kazi.

Jumapili iliyopita akaomba kusimama tena kanisani. Mchungaji akamnong'oneza, "Kaa tu binti yangu, Mungu anajua." Akasema, "Mungu anajua, hawa hawajui." Akawageukia: "Sikupona. Nilitamani sana, nikasema nimepona. Mtu asifungue bandeji yake kwa sababu yangu." Hakuna aliyesema amina. Alirudi kwenye benchi na magongo yake, na njia ile ilikuwa ndefu, mama.

Barabara ikitengenezwa anakuja huko. Asichote maji ziwani, ile njia ya mawe itamwangusha. Goti linamtoka ghafla. Apalilie akiwa amekaa. Kimfuko cha mchanga akiinue kila asubuhi hata akinuna. Na najua mikono yako, tangu utoto wetu kila kilichouma ulikichua. Hili goti usilichue, mama. Mshike mkono tu.

Msalimie kaka Magesa, shangazi yetu muuza chumvi, na mwinjilisti. Huyo mwambie taratibu aache kuutaja ushuhuda ule. Watu wakikuuliza, usiseme amepona. Sema anatembea. Hilo ni kweli.

Ni mimi mtoto wako ninayekuombea,
Perusi