Vidonge vya Safari

Mdogo wangu,

Miguu imevimba, paka amezaa, na daktari ameacha kunidanganya. Basi nikwambie.

Siku ile uliposimama jukwaani kusoma utafiti wangu kama wako, mdomo ulikukauka, wakakuzomea: "Profesa, meza mate kwanza!" Ukaniambia ni hofu. Hofu wapi! Ni vile vidonge vya kichefuchefu cha safari ulivyoniomba, nilikuzidishia dozi makusudi. Dawa ile hukalia vipokezi vya tezi za mate. Ujumbe wa mwili ukifika, unakuta kiti kina mtu, kama nilivyolikuta jina lako juu ya kazi yangu.

Sijuti. Nimeusia kwamba wewe ndiye utakayenisifu kaburini. Safari hii hakuna kidonge. Tuone kama mate yatatoka.

Dada yako, mfamasia