Mume Mdogo Alikushitaki

Mjukuu wangu, mume wangu,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kukufokea. Hujambo? Unakula? Mimi mzima, ila magoti tu, na hayo unayajua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mama yako ataipiga picha barua akutumie. Nimeinuka, nimefunga dirisha, nimelifungua tena, nimerudi kukaa. Situlii tangu nisikie kwamba mwenzako uliyekuwa ukisoma naye huko ugenini amegongwa na gari, amekufa.

Mama yako anasema chuo kimeandaa kikao cha kumkumbuka, na wanafunzi wa nchi zote watakuwepo. Wamekuomba wewe uzungumze kwa kuwa mlilala chumba kimoja, nawe umekataa, umejifungia ndani. Unamwachia nani? Huko nani mwingine anamjua?

Mimi namjua. Ulipomleta likizo nilimwita mume wangu mdogo, maana mkubwa ni wewe. Wewe ukacheka, yeye maskini akadhani ni kweli. Kesho yake akaja kuniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mume mdogo hasa kazi yake nini. Nikamwambia paa la jikoni linavuja. Akapanda! Kwa urefu ule, jirani alinitania kwamba nimeolewa na nguzo ya umeme. Ulipomweleza kuwa ni utani tu, uso ulimwiva kwa aibu, lakini hakushuka mpaka alipogongomea bati la mwisho. Hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati, hata sentensi. Alisema polepole mpaka unatamani kumsukuma.

Na wewe ukamsukuma. Usidhani sijui. Siku chache kabla hajafa alinipigia simu. Alisema siku mliyokwenda kutetea ile kazi yenu ya pamoja, kila walimu walipomuuliza yeye, ulijibu wewe. Majibu alikuwa nayo yote, alitaka muda tu. Kwa huo mdomo wako mwepesi ukamfanya bubu mbele za watu. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa mbali, nikawa naihamisha simu mkono huu kwenda ule mara kwa mara.

Sitakudanganya kwamba alikusamehe. Alikuwa na hasira, na amekufa nayo. Najua ndiyo maana hutaki kuzungumza: unaogopa kumsemea tena.

Lakini sikiliza, kichwa kigumu. Mtu aliyekuacha moja kwa moja hahangaiki kukushitaki kwa bibi yako. Alisema likizo mtakuja wote wawili, niwaamue. Umeelewa? Pamoja na hasira zake zote, safari alikuwa anaipanga na wewe.

Basi kesi naiamua peke yangu. Una makosa. Adhabu yako ni kwenda kusimama mbele yao, useme alivyokuwa na useme ulichomfanyia. Ukikwama, kwama. Atakayetaka kukumalizia sentensi, mkatalie.

Nisalimie wenzako wote wa darasa, hata wasionijua. Na vaa shati lililopigwa pasi, usinitie aibu.

Ni mimi, mkeo asiyebembeleza,
Bibi yako