Mashrabiya ya Mama

Jumapili, 3 Machi 2019

Mama analalamika tena: chumba kimekuwa kiza. Leo kajichoma kidole na sindano. Kaka yangu Ramzi keshapata mchawi — mashrabiya, lile dirisha la vijiti vya mbao alilochonga babu. Jumamosi anataka aling'oe, aweke aluminiamu na kioo. "Wewe Ghada si ndiye mtaalamu wa mwanga? Haya, pima." Nimebeba kipande cha akiba cha dirisha hilo hadi maabara. Nitamnyamazisha.

Jumanne, 5 Machi

Mashine imekimulika kila pembe, ikapima mwanga unaopenya na unaorudi. Nikajenga chumba cha Mama ndani ya kompyuta. Adhuhuri kinang'aa. Mwanga wa kushonea umejaa tele. Sasa Mama analalamikia nini? Sielewi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia Usta Fikri, fundi aliyekichonga kile kipande cha akiba kwa kuiga kazi ya babu. Kipande kina alama ya "uso"; ni upande upi? Kacheka. "Uso ni ndani, binti yangu, wanakokaa wanawake. Barabara inapewa mgongo."

Loo! Kwetu maabara, uso ni upande unaopigwa na jua. Nimekifunga kinyume! Nimefurahi kulipata kosa, halafu nikaogopa. Kama ni kiza kweli, Ramzi kashinda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepima upya. Tofauti ipo, kidogo tu. Chumba bado kinang'aa. Nevine, mwenzangu wa maabara, anasema labda ni vumbi la Kairo lililoziba vijiti, nikapime chumbani kwenyewe. Kichwa kinaniuma. Au mimi ndiye sijui kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Ramzi kaenda msikitini. Nimeweka kipima mwanga mapajani mwa Mama, juu ya nguo anayoshona. Namba karibu sawa na ya kompyuta. Nimerudia. Sawa. Nilipaswa kufurahi — dirisha limepona.

Nimeondoka kwenye mto kando yake, nimehamia kwenye kiti cha mlangoni, niandike. Jua limetapakaa mikononi mwake. Anatafuta tundu la sindano. Uzi unapita pembeni. Tena pembeni. "Mwambie Ramzi aling'oe tu," kasema taratibu. "Pengine nitaona."

Mungu wangu. Wiki nzima nimepima mbao.

Ramzi amerudi, anapiga kelele kutoka ngazini: "Haya, daktari, kipimo kinasemaje?" Ninajifanya naandika namba. Mama ameinua uso asikie jibu langu. Anatazama pale kwenye mto, nilipokuwa nimekaa mwanzo —