Nondo Nilizoziacha Juu ya Nguzo

Jumanne, Kihonda. Manyunyu tangu alfajiri, milima haionekani, na kichwa changu kiko hivyo hivyo.

Leo kazi imesimamishwa, na chanzo ni mimi.

Tunajenga jengo kwenye barabara ya maduka. Chini fremu za biashara, juu ghorofa moja. Nguzo za juu tumezimaliza wiki iliyopita, na nondo zake niliziacha zimechomoza karibu mita nzima. Hakuna aliyeniagiza. Hata kwetu Kasulu ndivyo tunavyojenga: unaacha nondo, ili siku ukijaliwa upandishe.

Saa nne akaja afisa wa mipango miji. Akatazama juu, akaniuliza, "Hizi zinasubiri nini?"

Nikamjibu, "Ghorofa ya pili, kiongozi, Mungu akijalia."

Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA. Alinieleza kwa upole kwamba upande wetu mwisho ni ghorofa moja, kwa sababu nyuma kuna makazi ya watu. Upande wa pili wanaruhusiwa hadi nne. Tukikata nondo, kazi itaendelea.

Barabara ni hiyo hiyo. Nimeivuka mara tatu kutazama, sikuona tofauti.

Alipoondoka, fundi Shaibu anayetusimamia akanigeukia. "Wewe wa Kigoma, mdomo wako huo utatulaza njaa." Mwenye jengo ameshamwahidi kazi ya ghorofa ya pili. Kwa hiyo nisikate. Nizikunje, nizifunike kwa zege jepesi, mwakani tuzifukue na kuzinyoosha. "Ukikata hata moja, tafuta pa kwenda."

Sijui nifanye nini.

Ghorofa ya pili kwangu ni miezi ya kazi mahali pamoja. Nimechoka kuhamahama na begi la zana.

Lakini nyuma yetu anaishi Bibi Mwanaidi. Huwa anaanika mpunga uani. Tangu tulipomwaga zege la ghorofa, kivuli chetu kinamhamisha. Asubuhi anaburuta mkeka hadi pembeni mwa choo, mchana anaurudisha mlangoni. Jioni nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, mnapanda tena?"

Nikasema hapana, bibi.

Nilisema haraka, kabla sijajua kama ni kweli.

Niliishia kidato cha pili, labda ndiyo maana haya mambo yananipita. Afisa ana sheria yake, Shaibu ana watoto, mimi nina mgongo unaouma. Sielewi nani kati yetu amekosea. Na kama kesho nitafanya ninachowaza, sijui itakuwa ni uaminifu au uchovu tu.

Nitafika kabla ya Shaibu, na msumeno wa chuma. Nitaanza na nguzo nne za nyuma, upande wa bibi. Hizo zikishakatwa, za mbele hata akizikunja hazitabeba ghorofa.

Halafu nitashuka, nikae kwenye tofali, nimsubiri.